Waliosema Wamenunua kwa Mama Stoo

Kijitabu kimetoka. Kina jalada la bluu, msalaba katikati, na ndani yake picha kumi na moja za mwenyekiti wetu. Mwenyekiti anapanda mti. Mwenyekiti anamkabidhi kikongwe blanketi. Mwenyekiti anacheka na mgeni wa kutoka ng'ambo. Kimeitwa historia ya chama chetu cha Kikristo cha kusaidia wasiojiweza hapa Kariakoo, tangu mwanzo hadi leo. Mimi niliishia darasa la nne, kusoma kwangu ni kwa kidole, lakini nilikisoma mara mbili, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono. Mama Stoo hayumo. Jina lake halimo, kazi yake haimo, hata kisigino chake kwenye pembe ya picha hakimo.

Basi nitamwandika mimi. Watasema fundi cherehani anajua nini cha kuandika. Anajua. Nina maduka matatu Mtaa wa Kongo, na ukimuuliza mtu yeyote kuanzia Gerezani mpaka Jangwani koti lililokaa vizuri begani linatoka wapi, atakuonyesha kwangu. Nimewashonea wakubwa ambao nikiwataja hapa mtakaa wima. Niliteremka mjini kutoka Kilimanjaro na mkasi mmoja na futi ya kupimia, nikaanzia barazani, na leo waliosoma mpaka chuo wananisubiri kwenye benchi niwapime kiuno. Mtu aliyepita njia hiyo hatishwi na kalamu.

Na hasira yangu si ya kijitabu peke yake. Mama Stoo anaumwa. Amelala chumba cha kupanga kule Magomeni, miguu imevimba, na wazee wa kanisa wamekwisha kaa na kuamua kwamba siku Mungu akimchukua hawatamzika, maana ametengwa, na ametengwa kwa sababu eti aliuza nguo za msaada. Akitaka kuzikwa na kanisa lake asimame mbele ya usharika, atubu. Miaka yote hii amekataa kutubu. Anatubuje kosa ambalo hakulifanya? Hakuuza. Hakuuza hata soksi.

Alizaliwa wapi sijui, sikumuuliza. Kariakoo ya siku zile hukumuuliza mtu ukoo, ulimuuliza anajua kufanya nini. Yeye alijua nguo. Mwanamke mfupi, mabega mapana kama mchukuzi, na pini mdomoni. Sijui kama nilimwona mara tatu akiwa mdomo mtupu. Aliongea na pini, aliimba tenzi na pini, aligombana na pini, na hakuna hata moja iliyowahi kumdondoka. Alikuwa na magauni mawili tu, moja la kazi na moja la ibada, na yote mawili yalikuwa na viraka, yeye ambaye robota zima la nguo za Ulaya lilikuwa chini ya ufunguo wake. Nilimwambia siku moja, "Mama, jichukulie basi hilo la maua, limekaa kama umeshonewa." Akanitazama juu mpaka chini. "Fundi, mbuzi hali kwenye gunia analolinda." Nikasema lakini mbuzi halindi gunia. Akasema, "Ndiyo maana."

Kijitabu kinasema chama kilianza kwa maono aliyoyapata mwenyekiti katika maombi. Maono! Chama kilianza kwa panya. Kulikuwa na magunia ya nguo yameachwa na wamisionari chumba cha nyuma ya kanisa, yamekaa humo hata hakuna aliyejua ni ya nani, na panya wamejenga mji. Mama Stoo, ambaye wakati huo alikuwa mfagiaji tu wa kanisa, ndiye aliyeyatoa juani, akazifua nguo, akazitenga zilizopona na zilizokufa, akamwendea mchungaji na kumwambia, "Kuna watu wanatembea uchi na sisi tunafuga panya kwa makoti." Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwenyekiti alikuja baadaye na suti na faili.

Chumba cha kanisa hakikutosha, na hapo ndipo alipoingia Bibi mwenye nyumba. Huyu alikuwa mama wa Kiislamu wa hapa hapa pwani, mjane, nyumba yake ya vyumba sita Mtaa wa Sikukuu, akatupa vyumba viwili vya mbele, hivyo ndivyo vikawa stoo. Watu wake wakamsema, wakamwambia amewapa makafiri ukumbi. Alijibu kwamba sadaka haina msikiti wala kanisa, ina mtu aliyevaa na mtu asiyevaa. Yeye na Mama Stoo walitaniana kila siku ya Mungu. Mmoja akimwita mwenziwe "Mkristo wangu," mwingine anaitikia, "Abee, Hajati usiyefika Maka." Wakati wa mfungo Mama Stoo alikuwa hali mchana ndani ya nyumba ile. Si kwamba amefunga. Alitoka, akaenda kula muhogo kwa muuza muhogo wa mtaa wa pili, akarudi akijifuta mdomo kama mwizi.

Lazima nieleze stoo ilivyofanya kazi, maana mambo yote yametokea hapo.

Zile zilikuwa siku ambazo maduka yalikuwa na rafu na vumbi. Ukisikia duka la ushirika limeleta vitenge, unaenda alfajiri unaweka jiwe lako kwenye foleni, unarudi saa nne unakuta jiwe limesogezwa nyuma na vitenge vimekwisha. Watu walivaa magunia ya unga, nimeona kwa macho yangu. Nguo za kutoka nje zilikuja kwa makanisa tu, kwa meli, zimefungwa marobota, zile tulizoziita kafa Ulaya, yaani mwenyewe amekufa huko na nguo imekuja huku. Makanisa mengine yalizigawa uani kwa foleni: nyoosha mkono, pokea, sema asante, ondoka. Ulipokuwa ukimwona mtu barabarani kavaa koti la manyoya kwenye joto la Dar es Salaam, ulijua ametoka wapi.

Mama Stoo alilichukia hilo kama ugonjwa. Alisema nguo ya msaada ikitambulika njiani hiyo si nguo, ni kibao kimetundikwa shingoni. Kwa hiyo hakuna nguo iliyotoka kwake kama ilivyokuja. Ilifuliwa, ikaja kwetu mafundi wa barazani, tulikuwa wanne, tukaifumua na kuishona upya. Koti refu likawa kaptura mbili na sketi. Shuka likawa sare ya shule. Hatukulipwa, ilikuwa kazi yetu ya Mungu, kila mmoja kwa zamu yake baada ya kumaliza za wateja. Mhindi mmoja wa Upanga, mwenye duka la nyuzi, alituletea vifungo kwenye kopo la maziwa na kuondoka kabla hatujamshukuru. Na mimi niseme bila aibu: kukata nguo sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kufumua nguo za wafu wa Ulaya. Unafumua mkono wa koti unaona jinsi alivyoficha mshono, unajua siri yake. Hiyo ndiyo shule yangu, na aliyesimama mlangoni na fimbo alikuwa Mama Stoo.

"Fundi, hii shingo umemkatia mtu au kuku?"

"Mama, ni ya bure tu hii."

Akanipokonya ile nguo mikononi, akaifumua pale pale kwa meno. "Rudia. Ya bure ndiyo ishonwe vizuri zaidi. Ya kununua mtu anaweza kuirudisha."

Siku za kutoa zilikuwa Jumatano na Jumamosi. Nguo zilitundikwa kwenye vibao vya kutundikia, zimepigwa pasi, magauni upande huu, mashati upande ule, na katikati kioo chenye ufa. Aliyekuja alikuja na kikapu, kama anaenda sokoni. Hilo lilikuwa sharti lake la kwanza. Aliingia mmoja mmoja, mlango ukafungwa. Sisi wa barazani tulisikia kila neno.

"Karibu mteja. Unatafuta nini?"

"Chochote tu, mama."

"Chochote hakipo hapa. Kuna gauni, kuna blauzi, kuna sketi. Unataka nini?"

Mtu ambaye hajaulizwa anataka nini tangu aolewe, atajibu nini? Wengine walilia. Mama Stoo hakubembeleza. Alisema, "Machozi yanatia doa. Chagua." Mwishowe unasikia sauti ndogo inasema, "Naomba lile la kijani," na yeye anasema, "Lile la kijani halikupendezi, lakini hela... macho ni yako." Hapo alikuwa anajisahau kwamba anacheza duka, akitaka kusema hela ni yako, anaimeza. Kisha anafunga ile nguo kwenye gazeti, anaizungushia uzi wa katani, anaitia kwenye kikapu, mteja anatoka mbele ya mtaa mzima kichwa juu, kama mtu aliyetoka dukani na haki yake.

Na ole wako useme asante. "Asante peleka nyumbani ukampe mama yako." Watu walidhani ni ukali. Ulikuwa ukali. Lakini aliniambia wakati mmoja tukikunja marobota kwamba mtu akishukuru sana leo, kesho atapita njia nyingine asikutane na wewe, na yeye alitaka akutane nao sokoni wasalimiane.

Sitaki kumfanya malaika, kijitabu kina malaika wa kutosha. Mama Stoo alikuwa na roho mbaya kwa walevi; mwanamume akija ananuka gongo alimrudisha hata kama yuko uchi. Alipendelea watu wenye mguu mdogo kwa sababu viatu vilivyokuja vilikuwa vidogo, akawasema wenye miguu mikubwa kana kwamba wameifuga makusudi. Alikuwa anahubiri dhidi ya magendo mpaka mate yanamtoka, na sabuni ya kufulia nguo zile zote aliinunua kwa magendo, kwa mlango wa nyuma, kwa mtu wa Msimbazi. Nilimkamata. Nilimwona na miche minne chini ya khanga.

"Mama, na wewe?"

"Mungu atanisamehe, fundi. Uchafu hausamehi."

Na kubwa kuliko yote: yeye aliyewafundisha watu wa Kariakoo kupokea bila kuona haya, mwenyewe hakujua kupokea. Ukimletea papai anakuuliza unataka nini. Alipougua malaria wanawake wa Magomeni waliokuwa wakimsaidia kufua nguo za stoo walimpelekea uji. Akawalipa kwa kuwafulia wao.

Na wakati wa wageni alikuwa hatari. Wageni wa ng'ambo walikuja na kamera, na mwenyekiti alitaka picha za kuwapelekea wafadhili: maskini kabla, maskini baada. Huyu mwenyekiti wakati huo alikuwa mkubwa katika shirika moja la umma, ana gari na dereva, na akiingia mahali anakohoa kwanza ili tujue. Siku hiyo akakohoa, akaingia na mzungu na kamera. Ndani kulikuwa na mama mmoja anajaribu gauni. Mama Stoo akatanda khanga mlangoni kwa mikono miwili, kama anamziba mwali.

"Mama, hawa ndio wanaotuletea," mwenyekiti akasema.

"Karibuni. Anayetaka picha anipige mimi. Mimi ndiye maskini, nguo zangu mbili hizi hapa."

"Wanahitaji kuona wanaopokea."

"Hapa hapokei mtu. Hapa watu wanachagua."

Mzungu hakuelewa, akampiga picha yeye na khanga yake. Ile picha ingekuwemo kwenye kijitabu ingekuwa ndiyo ya kwanza. Haimo. Na mimi nasema mwenyekiti hakumsamehe tangu siku ile, mbishi na abishe.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Ulipokuja msako wa walanguzi mji mzima ulinyamaza. Watu walitupa redio baharini, walimwaga mafuta ya kupikia kwenye mitaro, wengine waliacha magunia ya sukari barabarani usiku na asubuhi hakuna mwenyewe. Ilitosha jirani kunong'ona kwa balozi wa nyumba kumi. Na jirani zetu waliona nini miaka yote? Waliona wanawake wanaingia na vikapu, wanatoka na vifurushi vya gazeti na uzi. Waliona vibao vya nguo dirishani. Walisikia "karibu mteja." Mtu akanong'ona.

Wakaja askari na vijana wa msako, Jumamosi, saa tano, stoo imejaa. Hawakuanzia ndani. Walianzia mlangoni, walisimamisha wanawake watatu waliokuwa wanatoka na vikapu vyao, hapo hapo mtaani, watu wamekusanyika mpaka juu ya kuta.

"Mama, hii nguo umeitoa wapi?"

Mnaona mtego ulivyokaa? Mwanamke amesimama mbele ya majirani, mbele ya mashoga zake, mbele ya wifi labda. Akisema "nimepewa," kesho mtaa mzima unajua kwamba mumewe ameshindwa kumvika. Miezi na miaka Mama Stoo amemfundisha kwamba haombi. Wa kwanza akainua kidevu, akasema:

"Nimenunua."

"Kwa nani?"

"Kwa Mama Stoo, humu ndani."

Wa pili naye. Wa tatu naye, tena akaongeza kwamba yeye hununua hapo kila wakati. Hawakujua wanamfunga. Walidhani wanajistiri tu.

Wakamtoa Mama Stoo nje. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, hatua nne kutoka pale. Yule mkubwa wao akamwuliza, "Hawa wanasema wamenunua kwako. Ni kweli au ni waongo?"

Alikuwa na neno moja tu la kusema. Aseme: ni maskini hawa, tunawagawia bure. Angesema hivyo wangemwacha, na wale wanawake watatu wangebaki pale mtaani wamevuliwa. Aliwatazama mmoja mmoja. Akazitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake.

"Kama wamesema wamenunua," akasema, "wamenunua."

Wakampakia. Nguo zote zikapakiwa, hata kioo chenye ufa.

Na sisi? Niwaambieni sisi tulifanya nini. Mwenyekiti alikuwa na barua zote za meli, mihuri yote, kwenye lile faili lake. Angeenda kituoni na faili lile mambo yangekwisha siku hiyo hiyo. Badala yake aliandika barua kwamba kamati ya chama haihusiki na biashara yoyote inayofanyika katika nyumba ile na haimjui anayeifanya. Haimjui! Alihofia kupoteza cheo chake. Na mimi, kwa kuwa nimesema nitaandika, nitaandika: chini ya kitanda changu kulikuwa na doti za khanga za magendo. Nilifunga cherehani, nikaenda Magogoni, nikavuka kwa pantoni, nikajificha Kigamboni siku nne kwa rafiki yangu, nakula samaki. Samaki wazuri sana. Kila nikikumbuka ladha yake nakasirika.

Aliyekwenda kituoni ni mmoja tu, Bibi mwenye nyumba. Alijifunga buibui lake, akaenda kila siku kwa miguu, akasimama kaunta. "Hiyo ni sadaka. Mimi si wa dini yao, sina faida. Nimelala ukuta mmoja na sadaka hiyo miaka, nasikia kila neno, sijasikia senti ikilia." Walimfukuza, akarudi kesho yake. Baada ya wiki kadhaa wakamwachia Mama Stoo, bila kesi, bila nguo, bila maelezo.

Serikali ilimwachia. Kanisa ndilo lililomshika. Wazee walikuwa na barua ya mwenyekiti na maneno ya wanawake watatu, ambao hakuna aliyewauliza majina, na jibu lake mwenyewe, wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka atubu. Alikuja ibadani kila Jumapili hata hivyo, akakaa kiti cha mwisho, na wakati wa ushirika wengine wakienda mbele, yeye anabaki ameshika kitabu cha tenzi. Mwaka baada ya mwaka. Chama kikafunguliwa upya mahali pengine, kwa foleni na kamera. Watu wanapokea, wanasema asante, wanapigwa picha. Hicho ndicho chama kilichomo kwenye kijitabu.

Baada ya kukisoma nilikwenda kwenye kikao cha wazee. Sikualikwa, nilikwenda na suti yangu bora.

"Shikamooni wazee. Mama yule hakuuza. Mimi nilikuwepo."

"Marahaba, ndugu. Ulikuwepo barazani. Ndani uliingia?"

"Nguo zote zilipita mikononi mwangu!"

"Zilipita zikienda ndani. Sisi tunauliza zilitokaje. Barazani hukuliona hilo."

"Bibi mwenye nyumba alisema kituoni."

"Yule marehemu hakuwa wa kwetu." Mwenyekiti mwenyewe, siku hizi naye mzee wa kanisa, ndiye aliyesema hivyo, na akakohoa. "Tuletee mtu mmoja, ndugu, wa usharika huu, aliyepokea. Asimame aseme: mimi nilipewa bure. Mmoja tu. Tutamrudisha mama siku hiyo hiyo."

Walitabasamu. Walijua hayupo atakayesimama. Na mimi nilijua kitu ambacho wao hawakijui: mmoja wa wale wanawake watatu anakaa benchi la mbele kila Jumapili, na kofia, na mume wake ni mmoja wa waliokuwa wanatabasamu.

Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka Magomeni.

Chumba chake kinatazama uani. Nje wanawake wawili walikuwa wanachambua mchele, mwanamume mmoja anarekebisha jiko la mchina. Nikamkuta ameegemea ukuta, miguu juu ya mto. Mwili umekwisha, mabega yamebaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Umenenepa. Kola yako imekaa vibaya."

Kola yangu! Katika mji huu hakuna anayethubutu. Nikamweleza yote, kijitabu, kikao, yule wa benchi la mbele. Nikasema kesho namfuata nyumbani kwake, atasimama atake asitake.

"Ana wajukuu?" akauliza.

"Anao."

"Wanasoma?"

"Mmoja yuko chuo."

"Kwa hiyo unataka mtoto wa chuo asikie bibi yake alikuja kwangu na kikapu, hana nguo ya kuendea msibani. Kwa sababu ya nini? Jeneza langu lipigiwe kengele?"

"Kwa sababu ya jina lako, mama! Wanasema wewe ni mwizi!"

"Usipige kelele. Hajati wangu hakuzikwa na kanisa, na sijasikia amerudi kulalamika." Akacheka, kikohozi kikamkamata. Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Hutamtaja. Apa."

Nikaapa. Ndiyo maana hayumo humu kwa jina, wala hamtampata kwa kofia, wenye kofia ni wengi.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Kwenye duka langu kubwa ukutani kuna picha ya harusi yangu, nimesimama na suti ya kijivu, na kila mteja mpya namwambia: ile niliishona mwenyewe, kwa jasho langu, nikiwa sina hata kitanda. Nimeisema mara nyingi mpaka mke wangu mwenyewe anaamini.

"Basi mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mtu wa usharika aliyepokea ni mimi. Ile suti ya kijivu. Nilikuja Jumatano na kikapu. Ukasema karibu mteja, unatafuta nini."

"Ile ulinunua," akasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kazi yako. Miaka yote ulinishonea."

"Kazi nilimpa Mungu. Suti ulinipa wewe. Usichanganye."

"Fundi, una maduka matatu. Watu wanakuheshimu. Una watoto watakaooa na kuolewa. Ulinunua, na mimi ndiye niliyeuza, na mimi ndiye ninayejua. Nyamaza."

Yaani hata pale, kitandani, na miguu ile, alikuwa ananistiri mimi. Nikasimama, nikatoka mpaka kizingitini, nikasema kwa sauti ya mtu wa mnada:

"Nilipewa! Suti niliyooa nayo nilipewa bure na mama huyu! Mimi nilikuwa maskini, nilikuja na kikapu, nikachagua, akaifunga kwenye gazeti, na hakunichukulia hata senti moja!"

Nyungo zikasimama. Mwenye jiko akainua kichwa. Nyuma yangu nikasikia kitanda kinalia, anajaribu kuinuka.

"Fundi! Rudi ndani, watu wanakusikia."

"Wasikie," nikamwambia. Na kwa kuwa mama mmoja alikuwa ametoka chumbani kwake saa ile, na mwanzo wa maneno yangu hakuusikia, nikaanza upya.